ZSM-5 imechoka ghafla: nyutroni zitanionyesha nini ambacho infraredi haionyeshi?

Mfereji10

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaojua nyutroni kabla sijatuma ombi la muda wa mwali, yaani zamu ya kupima sampuli kwenye kifaa chao.

Tunageuza methanoli kuwa haidrokaboni juu ya zeolaiti H-ZSM-5 (madini ya silikoni, alumini na oksijeni yenye mifereji midogo na vituo vya asidi) yenye uwiano wa silikoni kwa alumini (Si/Al) wa 30, nyuzi joto 350, kichocheo kikiwa kimetulia ndani ya bomba. Kwa siku mbili na ushee methanoli yote inageuka bila shida, halafu ndani ya saa chache inaanza kupita mbichi kama ilivyoingia. Unga unatoka mweusi tititi. Infraredi imegoma: weusi unameza mwanga, na chini ya 1,300 cm⁻¹ (kizio cha nishati ya mtetemo) mitetemo ya kiunzi cha zeolaiti chenyewe inafunika kila kitu. Mizani ya joto inasema masizi ni kama asilimia 5 ya uzito, basi. Ni masizi ya namna gani, haisemi.

Nimesoma kwamba kwenye TOSCA, kifaa cha kupima mitetemo kwa nyutroni pale kituo cha nyutroni cha ISIS, Harwell, Uingereza, sampuli nyeusi si tatizo. Maswali yangu: nitaweza kutenganisha vituo vya asidi vilivyozibwa tu na vile vilivyokufa moja kwa moja? Sampuli inatakiwa kiasi gani? Ninazo gramu 2 za iliyokufa, zimekaa wiki tatu kwenye chupa ya plastiki mezani. Na niombe TOSCA au MAPS, kifaa kingine cha hapohapo ISIS?

Bani82

Mkuu, nianze na hizo gramu 2 za chupani: usizipeleke. Sababu utaiona tukipiga hesabu, na hesabu hiyohiyo ndiyo itakayopanga jaribio lako zima.

Haidrojeni ikiwapo, nyutroni karibu haina habari na kingine. Eneo la mtawanyo la haidrojeni, yaani jinsi inavyozitawanya nyutroni kwa nguvu, ni kama bani 82 (bani ni kizio cha eneo hilo). Kaboni ni 5.6, oksijeni 4.2, silikoni 2.2, alumini 1.5. Tena hakuna zile kanuni za infraredi na Raman za mtetemo upi uonekane na upi usionekane: chochote kinachoitikisa haidrojeni kinatokea, na ukubwa wa kilele unafuata idadi ya haidrojeni na umbali inaotikisika. Kiunzi kinachokusumbua kitanyamaza, na weusi hauna maana yoyote. Ila kumbuka unachohesabu ni haidrojeni. Si kaboni.

Sasa chukua gramu 10 za kichocheo chako. Kwa Si/Al 30, vituo vya asidi ni kama milimoli 0.54 kwa gramu, kila kimoja na haidrojeni yake moja, yaani milimoli 5.4 za haidrojeni kwa sampuli nzima. Masizi ya asilimia 5, tukikisia haidrojeni 0.8 kwa kila kaboni, yanaleta milimoli 31. Kwa hiyo masizi yanapiga kelele mara sita kuliko vituo vya asidi. Halafu njoo kwenye maji. Unyevu wa asilimia 0.5 tu, miligramu 50, ni haidrojeni milimoli 5.6. Umeona? Tone moja la maji lina haidrojeni sawa na vituo vyote vya asidi unavyovitafuta. Na zeolaiti iliyokaa wiki tatu mezani hainywi nusu asilimia, inakunywa asilimia kadhaa. Kwenye baridi ya kriostati (friji ya kupozea sampuli wakati wa kupima) maji hayo yanatoa mlima mpana unaopanda ghafla karibu na 550 cm⁻¹ na kuendelea hadi jirani ya 1,000, na hapo katikati, 750 hadi 900, ndipo C–H za pete za aromatiki zinapojikunja kutoka kwenye bapa lake.

Najua utasema utazikausha. Ukizipasha nyuzi 150 kwenye ombwe unaondoa maji, lakini aromatiki nyepesi nazo zinaondoka au zinahama. Ukipanda 350 ndiyo umeendeleza mmenyuko wenyewe bila methanoli. Kichocheo kinakaushwa kabla ya mmenyuko, si baada yake.

Kwa hiyo tengeneza sampuli mpya. Gramu 10 hadi 12 kwa kila moja, punje za mikromita 250 hadi 500, usitumie unga laini kwa sababu utaziba bomba. Kausha kwa gesi kavu ya heli au naitrojeni, nyuzi 350 hadi 450, usiku kucha. Ukiongeza kichocheo ongeza na mlisho kwa kiwango kilekile: gramu 12 kwa mzigo wa gramu 1 ya methanoli kwa kila gramu ya kichocheo kwa saa ni methanoli gramu 12 kwa saa, takriban mililita 0.25 za kimiminika kwa dakika. Muda ukifika, funga methanoli, endelea na heli kwa dakika chache kwenye joto lilelile ili iliyonata ovyo itoke, kisha shusha tanuri na upoze haraka huku heli ikipita. Funga vali za pande zote mbili wakati bomba bado lina vuguvugu. Likipoa kabisa likiwa wazi upande mmoja, linavuta hewa lenyewe. Kuanzia hapo bomba lifunguliwe ndani ya kasha la glavu lenye agoni tu.

Kopo la kupimia ni la alumini, bapa, na mfuniko unabanwa na uzi wa indiamu. Kaza skrubu kwa msalaba, kidogokidogo, kama unavyokaza nati za gurudumu. Indiamu isiingie kwenye mwali: inameza nyutroni vibaya sana, bani 194 kwa nyutroni za angstromu 1.8. Na inayeyuka kwa nyuzi 157, kwa hiyo kopo hilo si la kupashia chochote. Mwali wa TOSCA ni kama milimita 40 kwa 40. Gramu 10 za zeolaiti yenye msongamano wa gramu 0.5 kwa sentimita ya ujazo zitajaza unene wa milimita 12 na nusu. Hapo haidrojeni inatawanya kama asilimia 11 ya mwali na kiunzi kama 7. Pazuri. Ukizidisha sana, nyutroni inagonga mara mbili kabla ya kutoka na vilele vinaanza kudanganya.

Kosa dogo linalokula muda: agoni uliyofungia kwenye kopo inaganda kwa kelvini 84, na ikishaganda unga unabaki bila gesi ya kupitisha baridi. Kipimajoto kiko kwenye kishikio, kinakuonyesha 15, wakati katikati ya unga bado kuna moto wake. Acha nusu saa zaidi, au fungia kopo kwenye heli kama kasha lako linaruhusu. Joto likizidi kelvini 30 hivi vilele vya chini vinatanuka na kuwa vilima butu.

TOSCA au MAPS: omba zote mbili, na uandike sababu. TOSCA ni bora chini ya 2,000 cm⁻¹, inatenganisha kwa takriban asilimia 1.25 ya nishati. Lakini kwa jinsi ilivyojengwa, nishati ikipanda msukumo nao unapanda pamoja nayo, kwa kanuni ya Q² ≈ E/16 (E ni nishati kwa cm⁻¹, Q ni msukumo kwa kila angstromu). Ukifika 3,000 uko kwenye Q ya karibu 14, na kilele kimeshazimika. MAPS unachagua nishati ya kuingilia na unasoma vigunduzi vya pembe ndogo. Kwa meV (milielektronivolti) 600, yaani cm⁻¹ 4,840, unapata C–H na O–H zikivutana: aliphatiki 2,850 hadi 2,960, aromatiki karibu 3,050, O–H kuanzia 3,500 na kuendelea. Kwa meV 250 unapata mikunjo. Vituo vya asidi kwenye TOSCA vitafute kati ya 1,050 na 1,100 kwa mkunjo wa ndani ya bapa, na 300 hadi 420 kwa ule wa nje.

Kinu_Kaboni

Bani82 amemaliza upande wa mwali. Mimi naona tatizo kubwa liko kwenye bomba, na dalili kaiandika muulizaji mwenyewe: siku mbili safi, kisha kuporomoka ndani ya saa chache.

Hicho si kichocheo kinachochoka sawasawa kila punje. Ni kama dawa ya mbu ya kuwasha: moto unatembea kutoka ncha moja, nyuma yake majivu, mbele bado mbichi. Methanoli ikiingia inakutana na punje za kwanza, zinazibwa na masizi, kazi inahamia punje zinazofuata. Ukanda huo ukifika mwisho wa bomba ndipo methanoli inaanza kutoka, na wewe unaona "ghafla". Sasa ukichukua gramu 12 zote, ukachanganya, ukapima, unapata wastani wa maiti, mgonjwa na mzima. Spektra itakuwa nzuri tu, na haitakuwa na maana.

Gawa kitanda, yaani kichocheo kilichopangwa ndani ya bomba, vipande vitatu kwa pamba ya kwatzi, kila kipande gramu 10, na ukipakue kimoja kimoja kwenye kasha la glavu. Hapo bomba linachukua gramu 30, methanoli inapanda kufikia mililita 0.63 kwa dakika, na mmenyuko huu unatoa joto. Weka kipimajoto ndani ya kitanda, si ukutani mwa tanuri. Tofauti ya nyuzi 30 kati ya ukuta na katikati inatosha kubadilisha aina ya masizi. Ikibidi, punguza methanoli kwa kuichanganya na heli zaidi.

Na usisubiri kife. Simamisha mbio tofauti kwa nyakati tofauti, tuseme saa 2, saa 20, na pale methanoli inapoanza kupita. Kipande cha mwanzo cha mbio ya saa 20 kitakufundisha zaidi kuliko kitanda kizima kilichokufa. Kwa kawaida utatafuta methili zilizoshikwa kwenye pete, ambazo ni sehemu ya mashine yenyewe ya mmenyuko, na jinsi zinavyopungua pete zikianza kuunganika. Methili inajionyesha 1,370 hadi 1,460, na mzunguko wake uko chini ya 300. Pete zilizoungana zina haidrojeni ya pembezoni tu, kwa hiyo utaona 750 hadi 900 na sehemu ya 1,150 hadi 1,200 zikibaki wakati methili inafifia. Ila huko chini ya 300 alumini ya kopo nayo inatetema, kwa hiyo kopo tupu lazima lipimwe na litolewe.

Sikubaliani na jambo moja: zile gramu 2 si za kutupa kabisa. Kwenye MAPS C–H iko mbali vya kutosha na O–H ya maji kuona kama ni aliphatiki au aromatiki. Kama muda wa mwali ukibaki.

Bani82

Muda wa mwali haujawahi kubaki, mkuu. Na ule mkono wa O–H ya maji unashuka hadi 3,100, utakaa juu ya aromatiki 3,050 pale pale unapotaka kusoma. Hoja ya vipande vitatu naiunga mkono asilimia mia, nilipaswa kuisema.

Mfereji10

Asanteni sana. Sasa lile swali la kwanza bado: nikiona kilele cha vituo vya asidi kimeshuka, nitajuaje kimezibwa au alumini imetoka kwenye kiunzi? Methanoli inatoa maji mengi kwenye nyuzi 350. Pia nikitaka kupata uwiano wa haidrojeni kwa kaboni, napataje kaboni?

Silanoli

Kwa spektra moja hutajua. Unahitaji sampuli tatu za fungu moja: mpya iliyokaushwa, iliyochoka, na iliyochoka kisha ikaunguzwa masizi. Protoni iliyofunikwa na molekuli ya aromatiki bado ipo, ila mkunjo wake umehama na kutanuka kwa sababu umeshikana na jirani, kwa hiyo kilele cha 1,080 kinaweza kupungua bila protoni hata moja kupotea. Ukiunguza masizi na kilele kikarudi kama kilivyokuwa, ilikuwa kuziba. Kikirudi nusu, alumini imetoka. Thibitisha kwa NMR (kipimo cha sumaku cha viini vya atomi) ya alumini, ²⁷Al: iliyo ndani ya kiunzi iko karibu na ppm 54, iliyotoka inaonekana karibu na 0.

Lakini kuunguza nako kuna ujinga wake. Masizi yakiungua yanatoa maji, na maji pamoja na nyuzi 550 ndiyo hasa yanayong'oa alumini. Ukifungulia hewa kamili na kupandisha joto haraka utatengeneza wewe mwenyewe ule uharibifu unaoutafuta, kisha uulaumu mmenyuko. Tumia oksijeni asilimia 1 hadi 2 ndani ya heli, panda nyuzi 1 kwa dakika, kaa 500 mpaka CO₂ iishe, usivuke 550. Halafu kausha upya kama ulivyokausha mwanzo, kwa masaa yaleyale.

Kaboni inapatikana hapohapo: pima CO na CO₂ zinazotoka wakati wa kuunguza, kwenye miligramu 50 hadi 100 ulizochota kutoka kopo lilelile. Usitumie uzito uliopotea kwenye mizani, maana humo kuna maji ya zeolaiti. Haidrojeni itoke kwenye nyutroni: pima kwenye MAPS, kwa kopo na nishati ileile, uzito unaojulikana wa polisterini nyembamba iliyokunjwa kwenye karatasi ya alumini, chora mstari wa eneo la C–H dhidi ya milimoli, kisha soma sampuli yako juu yake. Fanya vipimo vitatu vya rejea angalau, kimoja hakichori mstari.

Uwiano huo ndio wenye faida. Kilele cha C–H kikiwa kidogo usiandike "masizi machache". Kwenye kupasua methani kwa CO₂ juu ya nikeli iliyo kwenye alumina, kuunguza kunatoa kaboni tele wakati nyutroni zinaona haidrojeni kiduchu, kwa sababu kaboni yenyewe imekauka haidrojeni. Upande wa pili kuna vichocheo vya chuma vya Fischer-Tropsch (kutengeneza haidrokaboni kutoka CO na haidrojeni), ambavyo kampuni ya Sasol wamevichunguza na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow na ISIS: pale tabaka la haidrokaboni linajijenga juu ya chuma na linaonekana wazi kwenye C–H. Kaboni zote mbili, tabia mbalimbali.

Mfereji10

Wazo la mwisho: nikitumia CD₃OD, yaani methanoli ambayo haidrojeni zake zote ni deuteri (haidrojeni nzito, D), je, nitaona vituo vya asidi peke yao, masizi yakiwa ya deuteri?

Bani82

Kwenye karatasi ni wazo zuri. Deuteri ina bani 7.6 tu, masizi yangenyamaza mara kumi na zaidi. Tatizo ni kwamba kwenye nyuzi 350 protoni ya zeolaiti inabadilishana na OD na maji ya D₂O yanayotengenezwa, ndani ya dakika. Vituo vya asidi vitageuka deuteri navyo, na haidrojeni yao itaingia kwenye methili na pete. Utabaki na spektra dhaifu ya kila kitu. CD₃OD inafaa kwa joto la chini, ukitaka kujua methoksi ya kwanza inakaa wapi, au kama kipimo cha kubadilishana kwenyewe.

Kama unachotaka ni kuziba kwa mifereji, pima mwendo. Mtawanyo unaokaribia nyumbufu, unaoonyesha molekuli zinavyotembea, kwenye vifaa vya IRIS au OSIRIS, hapohapo ISIS: ingiza molekuli ya majaribio yenye haidrojeni ya kawaida, methani kwa mfano, kwenye zeolaiti mpya na iliyochoka, na uangalie mstari unavyotanuka. Ukitanuka pungufu kwenye iliyochoka kuliko kwenye mpya, molekuli zinatembea polepole. Ukitanuka sawa lakini idadi iliyoingia ikawa ndogo, basi mifereji iliyobaki wazi iko wazi kabisa na mingine imefungwa mlangoni. Hayo ni magonjwa mawili, na kupungua kwa ujazo wa vinyweleo kwa naitrojeni peke yake hakuyatenganishi.

Kwa kusoma vilele, usibahatishe kwa majedwali ya infraredi. Kokotoa mitetemo ya molekuli unazozishuku kwa CASTEP au programu unayoizoea, kisha pitisha kwenye AbINS, ndani ya Mantid (programu ya kuchakata data za nyutroni), itakupa spektra ya nyutroni yenye ukubwa wa vilele. Hii ndiyo raha ya mbinu hii: ukubwa unakokotoleka, na molekuli usiyokuwa nayo inajikataa yenyewe.

Ratiba ya kweli: saa 4 hadi 12 kwa kila kopo TOSCA, kutegemea haidrojeni. Vipande vitatu kwa mbio tatu ni makopo 9, ongeza mpya, iliyounguzwa na kopo tupu. Hapo ni siku nne au tano. Ukipewa siku tatu, acha mbio ya saa 2 nyumbani, usiache kopo tupu.

Silanoli

Na uandike kwenye fomu ya ombi elementi zote zilizomo, hata za asilimia 0.1. Alumini iliyopigwa na nyutroni inatulia ndani ya dakika chache, nusu-uhai wake ni dakika 2.2, lakini ikiwa zeolaiti yako ilitoka kwenye umbo la sodiamu na haikubadilishwa vizuri, ²⁴Na ina saa 15, na kama kuna shaba, ⁶⁴Cu ina karibu 13. Sampuli inapimwa kabla haijatoka jengoni. Kopo likizuiliwa siku mbili ndipo ukumbuke kwamba ulipanga kuiunguza sampuli hiyohiyo kesho yake.